Timu haijashinda hata mechi moja, imepitaje? Mifumo ya mashindano kwa lugha ya kijiweni

Tangu Taifa Stars ivuke makundi pale AFCON, Kombe la Mataifa ya Afrika, ya Morocco kuna swali halijaisha vijiweni, na mimi nimeshaulizwa sijui mara ngapi. Timu imecheza mechi tatu, imefungwa moja, sare mbili, haijashinda hata moja, halafu inaambiwa imeingia 16 bora, hiyo imekaaje? Wengine wanasema tulibebwa, wengine wanasema hesabu za CAF, shirikisho la mpira la Afrika, wanazijua CAF wenyewe. Na hao hao mwaka juzi walikuwa wanalalamika kwamba Ulaya wameiharibu Champions League kwa kuweka msimamo mmoja mrefu wa timu 36 usioeleweka. Mimi naona hesabu zenyewe ni za darasa la nne, shida ni kwamba hatujawahi kukaa tukaulizana mashindano yanapangwaje na kwa nini kila mtu anapanga ya kwake.

Naomba nianzie chini kabisa, kwenye kibanda cha gemu.

Kuna siku mtaani kwetu tulichanga buku mbili mbili, watu kumi na moja, PlayStation moja, tukasema leo apatikane bingwa wa mtaa. Mimi kwa vile ndo nilikuwa na kalamu nikapewa kazi ya kupanga ratiba. Mechi moja, ukijumlisha kuchagua timu na kugombania ile pedi nzima, ni kama dakika 12. Wazo la kwanza likawa ligi, yaani kila mtu akutane na kila mtu mara moja, maana kwa macho tu unaona hiyo ndo haki. Nikapiga hesabu: kila mmoja ana wapinzani kumi, 11 mara 10 ni 110, ila mechi yangu na wewe ndo hiyo hiyo mechi yako na mimi kwa hiyo gawa kwa mbili, zinabaki mechi 55. Zidisha kwa dakika 12 unapata dakika 660, masaa kumi na moja kamili! Na hapo ni saa kumi na mbili jioni, mwenye kibanda anafunga saa nne usiku.

Tukahamia mtoano, ukifungwa unaachia pedi. Mtoano una hesabu tamu ambayo wengi hawajawahi kuigundua. Kila mechi inamtoa mtu mmoja, na sisi tunataka kutoa watu kumi abaki mmoja, basi mechi ni kumi, hakuna cha kuchora wala kuhesabu raundi. Tenisi ya Wimbledon wanaanza wachezaji 128, mechi ni 127. Kwetu sisi kumi mara dakika 12 ni masaa mawili, tunamaliza na chipsi tunakula.

Ila mtoano unapenda namba zake, 4, 8, 16, 32, zile ukizigawa nusu nusu unafika kwenye mbili bila salio. Kumi na moja haimo. Inabidi ujifanye mko 16, zile nafasi tano hewa zinakuwa watu watano wanaopita raundi ya kwanza bila kucheza, wale sita waliobaki wanacheza mechi tatu, washindi watatu wanaungana na watano mnakuwa nane, sasa mnaenda vizuri. Nani awe kwenye hao watano? Nikakata vikaratasi nikatia kwenye kofia, na mmoja wa waliopita bure akawa mwenye kibanda. Ugomvi uliotokea hapo siusimulii.

Kilichoniuma lakini ni kingine. Kwenye vikaratasi hivyo hivyo wale jamaa wawili wanaojulikana mtaa mzima kwamba ndo wakali wa gemu wakaangukiana mechi ya kwanza kabisa. Mmoja akatoka ndani ya dakika 12 na buku mbili yake ikaenda. Fainali ikaisha 5-0, na yule aliyepigwa tano akapewa zawadi ya mshindi wa pili.

Hapo ndo kuna imani potofu ya kwanza, kwamba aliyefungwa fainali ndo wa pili kwa ubora. Mtoano unajua kujibu swali moja tu, nani hajafungwa. Kuhusu wa pili hauna habari. Chukua watu 16, chora bila kupendelea, na tuseme mkali zaidi hashindwi kamwe. Yule wa pili kwa ukali atafika fainali kama tu amepangwa upande wa pili wa mchoro, na huko kuna nafasi 8 kati ya 15 zilizobaki, yaani zaidi kidogo ya nusu. Karibu nusu ya mashindano ya hivyo medali ya fedha inaenda kwa mtu mwingine. Ndo maana wenzetu wakaleta kuwatenganisha vigogo kabla ya droo, tenisi wana wale wachezaji 32 waliopewa namba kwa ubora, mpira wana vyungu, au poti kama tunavyosema, yaani timu zinagawanywa kwanza kwa mafungu ya ubora. Watu wakiona poti wanadhani ni kuwabeba wakubwa, na kweli wakubwa wananufaika, lakini kazi yake hasa ni fainali isije ikachezwa raundi ya kwanza.

Sasa ukishayaona haya mawili, ligi na mtoano, umeona kila kitu, kwa sababu mifumo mingine yote ni watu wanajaribu kukaa katikati. Ligi inakupa haki ila inakula muda. Ligi Kuu yetu timu 16, kila timu mechi 30, jumla mechi 240, ni msimu mzima, na bado kuna viporo, zile mechi zilizoahirishwa, vinafanya msimamo udanganye hadi mwisho. Mtoano unaokoa muda ila siku moja mbaya inakufuta. Mwandaaji yeyote, awe FIFA awe mwenye kibanda, ananunua haki kwa kulipa muda, na anaishia pale mfuko unapoishia.

Makundi ndo ununuzi wa rejareja. Unatengeneza viligi vidogo vidogo vya timu nne, mechi sita kila kundi, kila timu ina uhakika wa mechi tatu hata ikianza vibaya, halafu wanaopita wanaingia mtoano. Ikiwa makundi ni manne au manane mambo ni mepesi, wawili wawili wanapita, unapata 8 au 16. AFCON tangu 2019 ina timu 24, makundi sita. Wawili wawili ni 12. Na tumeshasema mtoano hautaki 12, unataka 16. Zinapungua nne, unazitoa wapi? Unaangalia wale sita walioshika nafasi ya tatu unachukua wanne wenye hali nzuri, basi, hao ndo "best loser" wetu wa kijiweni ingawa hilo jina lenyewe ni la kuonea watu.

Twende Morocco sasa. Watatu kati ya wale sita walikuwa na pointi 3, hao wamepita. Nafasi moja ikabaki, na wanaoigombania wote wana pointi 2: Tanzania, Angola, Comoro. Comoro wana deni la mabao mawili, wanatoka. Angola walifungwa 2-1 na Afrika Kusini, wakatoka 1-1 na Zimbabwe na 0-0 na Misri, kwa hiyo wamefunga 2 wamefungwa 3, deni la bao moja. Sisi tulifungwa 2-1 na Nigeria, 1-1 na Uganda, 1-1 na Tunisia, tumefunga 3 tumefungwa 4, deni la bao moja pia. Tumelingana pointi, tumelingana tofauti ya mabao, kinachofuata ni nani kafunga mengi. Tatu kwa mbili. Tumepita.

Angalia hapo kitu kimoja, lile goli tulilowafunga Nigeria kwenye mechi ambayo tulipoteza, ambalo siku ile kila mtu alisema ni la kufutia machozi, ndo lilitupitisha, sawasawa kabisa na lile la Feisal Salum dhidi ya Tunisia. Mechi ya Tunisia ingeisha 0-0 tungekuwa pacha wa Angola kwa kila kitu, pointi, deni, na magoli ya kufunga. Kwa hiyo kubebwa hakuna. Tuliambiwa tuwe bora kuliko timu mbili nyingine za nafasi ya tatu, tukawa bora kwa goli moja. Ukisema sheria yenyewe ni laini hapo nakuunga mkono, ila ilikuwa laini kwa wote. Ureno mwaka 2016 kwenye Euro walitoka sare mechi zote tatu za kundi, wakapita kwa nafasi ya tatu, wakabeba kombe.

Kama kuna mwenye haki ya kulalamika ni Angola, tena kwa sababu ambayo sijasikia mtu akiitaja. Wao walimaliza kundi lao tarehe 29 Desemba. Sisi tulicheza na Tunisia tarehe 30. Tuliingia uwanjani tunajua kabisa tunahitaji nini, wao walicheza gizani. Na Tunisia sare ilikuwa inawatosha pia. Sisemi watu walipanga, mechi ilichezwa, nasema tu mfumo wa kuchukua wa nafasi ya tatu walio bora una hiyo kona, anayecheza mwisho anajua bei.

Kona ya namna hiyo ndo ilizaa ile aibu ya Gijón, Hispania, Kombe la Dunia 1982. Algeria walikuwa wamewafunga Ujerumani Magharibi 2-1, wakamaliza mechi zao zote siku moja kabla ya wengine. Kesho yake Ujerumani na Austria wanaingia uwanjani wanajua kwamba Ujerumani akishinda kwa goli moja au mawili wote wawili wanapita na Algeria anatoka. Ujerumani wakafunga mapema, ikawa 1-0, halafu muda wote uliobaki watu wakapasiana mpira kama wanapeana salamu. Kuanzia Kombe la Dunia la 1986 ndo ikawa mechi za mwisho za kundi zinaanza kwa wakati mmoja. Na ndo sababu FIFA walipotaka Kombe la Dunia la 2026 liwe na makundi 16 ya timu tatu tatu watu wakapiga kelele, kwa sababu kwenye kundi la watatu lazima mmoja awe amekaa wakati wenzake wanamalizia. Mwaka 2023 wakabadilisha, yakawa makundi 12 ya timu nne, timu 48, wawili wa juu wa kila kundi na wanane bora wa nafasi ya tatu, wanaingia 32 bora. Kwenye CHAN, ile ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani, iliyochezwa hapa kwetu, Kenya na Uganda Agosti 2025, kulikuwa na makundi ya timu tano na hadithi ni hiyo hiyo, kila raundi mmoja anapumzika, hata ya mwisho.

Hebu tulia uangalie hesabu hii kidogo. AFCON inacheza mechi 36 za makundi ili itoe timu 8 kati ya 24. Kombe la Dunia la 48 linacheza mechi 72 ili litoe timu 16. Champions League mpya inacheza mechi 144 itoe timu 12 kati ya 36. Zote tatu ni theluthi moja! Hatua nzima ya makundi, wiki kwa wiki, inaondoa theluthi. Zamani makundi yalikuwa yanachinja nusu. Mnaouliza kwa nini mechi za kwanza siku hizi hazina presha, jibu liko hapo, na mnaouliza kwa nini wanafanya hivyo basi hesabuni mechi halafu fikirieni wanaonunua haki za tivii.

Tukiwa bado Champions League, imani potofu nyingine, kwamba ule ni "mfumo wa Uswisi". Watangazaji karibu wote wanasema hivyo. Sio, au tuseme umeazima koti tu. Uswisi wenyewe umetoka kwenye chesi, ulitumika Zürich mwaka 1895, na moyo wake ni kwamba mpinzani wako wa raundi ijayo anategemea ulichofanya raundi iliyopita. Umeshinda, unakutana na aliyeshinda. Umefungwa, unakutana na mwenzako aliyefungwa. Hatolewi mtu, ila kila raundi wakali wanazidi kukutana wenyewe kwa wenyewe. Watu 16 raundi nne, kama hakuna sare, anabaki mmoja tu ambaye hajafungwa, na wote wamecheza mechi nne. Olimpiadi ya chesi kule Budapest 2024 zilikuwepo timu zaidi ya 180 na wakamaliza kwa raundi 11, ingekuwa ligi wangekuwa bado wako huko.

Champions League haina hiyo. Wapinzani wako wanane unawajua siku ya droo, wawili kutoka kila poti, nne nyumbani nne ugenini, ushinde ufungwe ratiba haibadiliki. Ni ligi ambayo haijakamilika, kama mtihani ambao kila mwanafunzi amepewa maswali manane tofauti halafu wote wanapangwa kwenye orodha moja. Wa 1 hadi 8 wanaenda 16 bora moja kwa moja, wa 9 hadi 24 wanacheza mtoano wa nyongeza, wa 25 kwenda chini kwaheri. Msimu wa kwanza, 2024/25, Liverpool waliongoza kwa pointi 21 na PSG walikuwa wa 15. PSG wakampiga Brest jumla ya 10-0, wakakutana na hao hao Liverpool, wakawatoa kwa matuta, wakaishia kumfunga Inter 5-0 fainali. Kuongoza kote kule, zawadi yake ikawa kukutana na PSG.

Haya, tuje kwenye kidonda. Nyumbani na ugenini.

Mtoano wa mechi mbili ni jaribio la kupunguza ile "siku moja mbaya", mnacheza kwako mnacheza kwangu tunajumlisha. Shida ni zikilingana. CAF kwenye mashindano ya klabu wanaangalia nani kafunga mengi ugenini, UEFA, yaani shirikisho la Ulaya, waliiacha sheria hiyo kuanzia msimu wa 2021/22. Na hapa kuna imani potofu sugu kuliko zote, kwamba "goli la ugenini linahesabika mawili". Halihesabiki mawili! Linaangaliwa pale tu jumla ikiwa sawa. Mfano, timu ya kwanza imeshinda kwake 4-2, ikafungwa ugenini 1-0. Jumla ni 4-3, imepita, mjadala umeisha. Ukizidisha magoli ya ugenini mara mbili unapata 4 kwa 5 na unamtoa mtu aliyepita halali. Nimewahi kuona watu wazima wanadaiana hela ya kubeti kwa hesabu hiyo.

Wana Yanga wanaijua hii sheria kwenye mifupa. Fainali ya Kombe la Shirikisho 2023, USM Alger wakaja Dar wakashinda 2-1, Yanga wakaenda Algiers wakashinda 1-0. Jumla 2-2. Magoli ya ugenini, wao mawili, Yanga moja. Kila timu imeshinda mechi moja, kila timu kwa tofauti ya goli moja, na bingwa akapatikana kwa kuangalia magoli yalifungiwa uwanja gani. Aprili 2025 ikawakuta Al Ahly, 0-0 Pretoria, 1-1 Cairo, Mamelodi Sundowns wakaingia fainali ya Ligi ya Mabingwa. Mimi siipendi hiyo sheria na sio kwa sababu ya ushabiki, inamfanya mwenyeji aogope kufungwa kuliko anavyotamani kufunga.

Kulingana kunaleta fujo hata kwenye ligi, kwa sababu kila ligi ina kisu chake cha kukatia. England wanaanza na tofauti ya mabao, 2012 City na United wote pointi 89, City akabeba kwa kuzidi mabao manane. Hispania wanaanza na matokeo ya wao kwa wao, hedi tu hedi. Mwaka 2007 Real Madrid na Barcelona walimaliza wote na 76, Barcelona ana mabao mengi zaidi kwa mbali, lakini Madrid alimfunga 2-0 pale Madrid na wakatoka 3-3 Camp Nou, kwa Barcelona, ubingwa ukaenda Madrid. Kabla hujabishana soma kanuni ya ligi husika, hakuna sheria ya dunia nzima.

Umebaki mfumo mmoja nautaja haraka, ule wa roho mbili wanaoupenda wacheza gemu. Ukifungwa mara ya kwanza unashuka mchoro wa chini, ukifungwa tena ndo unatoka. Hesabu yake unaweza kuipata mwenyewe sasa, watu kumi wanatakiwa kufungwa mara mbili mbili, mechi 20, na bingwa anaweza kuwa amefungwa mara moja, 21. Yule mkali wetu aliyetoka ndani ya dakika 12 huu ndo ungemfaa.

Kibandani siku hizi tunacheza makundi. Tulimwongeza mtu mmoja tukawa 12, makundi matatu ya watu wanne, mechi 18, vinara watatu na wa pili bora mmoja wanaingia nusu fainali, jumla mechi 21. Ni masaa manne na dakika 12, zile 12 tunambembeleza mwenye kibanda. Mwezi uliopita aliyepita kama wa pili bora, kwa goli moja tu, nilikuwa mimi, na mpaka leo wanasema nilijibeba kwa sababu kalamu ni yangu.